Upande wa Kushoto

Sauti ilianza tulipopita Ikutha, mimi na magunia manne ya ndengu. Ilikuwa kama mtu anayeguna bila kufungua mdomo. Nilidhani ni tairi. Nikaongeza redio. Nilikuwa natoka kwa mama Mutomo nikielekea kwa anko Kibwezi, na kuna maneno niliyokuwa nimeyabeba tangu Januari.

Anko hakuuliza habari ya safari. Tuliposhusha magunia, aliinua gari kwa jeki, akashika gurudumu la nyuma kushoto juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Akalizungusha, likaguna.

"Beringi. Injinia, hukuskia?"

Ananiita Injinia tangu nijiunge na chuo. Kwa majirani, kanisani, hata kwa yule dada wa M-Pesa. Karo ya miaka miwili ilitoka mfukoni mwake. Mwaka wa tatu nilianza kuandikia watu makala kwa malipo, nikaacha kuingia darasani, na sikumwambia.

Gari ni Golf 2 ya mwaka 1989. Fundi mmoja mjini alikuwa ameomba elfu tisa, akisema kazi inataka mashine ya presi. Anko alicheka. Kwenye Golf hii beringi za nyuma zinakaa ndani ya drumu, ndogo nje na kubwa ndani, na zinatoka kwa nyundo. Spea alikuwa ameshanunua. Kumbe alijua kuhusu hiyo sauti kabla yangu.

Tuliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, na gogo la mwarubaini chini ya chesisi, maana jeki si ya kuaminiwa. Kifuniko cha grisi kilitoka kwa tindo. Tukavuta pini, tukafungua nati, washa na beringi ndogo vikaniangukia kiganjani. Drumu ikakataa kutoka. Anko akaingiza bisibisi kwenye tundu la bolti ya gurudumu, akasukuma juu kabari inayobana breki, na drumu ikaachia.

Beringi inatoka, lakini pete yake ya nje inabaki imebanwa ndani ya drumu. Hapo ndipo watu hulipa elfu tisa. Unapitisha kipande cha chuma upande wa pili, unagonga ukingo wa pete kushoto, kisha kulia, kidogo kidogo, isije ikalala upande. Niligonga nusu saa. Watoto wa jirani walikuja kumtazama msichana mwenye nyundo.

Pete ilipotoka niliipangusa. Ndani ilikuwa na vishimo, kama ngozi iliyougua tetekuwanga. Darasani tulifundishwa kwamba ukiibebesha beringi ya rola mzigo mara mbili, umri wake haubaki nusu. Unabaki karibu moja ya kumi. Hilo swali nililipata kwenye mtihani. Sasa nilikuwa nahesabu magunia: manne kila safari, misimu yote ile, na pesa zake zilikokwenda.

"Anko, niliacha chuo."

Alikuwa ameenda kuchukua pete mpya kwenye friza ya duka la soda, alikozilaza usiku ili zinywee kidogo. Drumu ilikuwa juani. Aliweka pete mpya mahali pake, akaweka ile kuukuu juu yake ili nyundo isiiguse mpya, akanipa nyundo.

"Gonga. Usiharakishe. Sauti ikibadilika, simama."

Niligonga. Mlio ulikuwa mwepesi, halafu ghafla ukawa mzito, kama mlango uliofika kwenye fremu. Nikasimama.

"Lini?"

"Januari."

Akachota grisi, akaanza kuisukuma ndani ya beringi kwa kiganja mpaka ikatokea upande wa pili. Hakuniangalia. Tuliporudisha drumu, nilikaza nati huku yeye akizungusha, kisha nikailegeza mpaka washa ikaweza kusogezwa na ncha ya bisibisi bila nguvu. Ukikaza zaidi, inaungua. Ukilegeza zaidi, inacheza. Aliijaribu mwenyewe mara mbili, akaweka pini mpya.

Gurudumu likazunguka kimya.

Akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akakaa kwenye gunia la ndengu. Akaniita kwa jina langu, lile la nyumbani.

"Kulia bado. Hiyo utafanya peke yako. Mimi nitakuwa hapa, unieleze."