Kuitengeneza Nchi

Mtu atokaye Mombo kwenda Lushoto hupanda mlima kwa njia yenye mapindi mengi, upande mmoja jabali na upande wa pili bonde refu. Afikapo Soni huona maporomoko ya maji, na hewa huanza kuwa ya baridi. Si mbali na hapo, juu ya mlima, ndipo ilipo Vuga. Mgeni akiitazama leo ataona migomba, mashamba na nyumba za watu, kama vijiji vingine vya Usambara. Lakini zamani Vuga ilikuwa mji wa wafalme, na Wasambaa wa milima yote walipeleka huko kodi zao na mashauri yao.

Wazee husimulia ya kuwa katika karne ya 18 alikuja mwindaji mmoja, jina lake Mbegha, kutoka milima ya Ungulu. Nguruwe walikuwa wakiharibu mashamba. Yeye akawaua, akawagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya shambani. Tena alijua kuamua magomvi. Basi watu wa Vuga wakamtaka awe mkubwa wao, na uzao wake ukaitwa Wakilindi. Habari hizo ziliandikwa na Abdallah bin Hemedi katika kitabu chake, Habari za Wakilindi. Mwenye akili huona jambo moja katika hadithi hiyo: Mbegha hakupewa ufalme kwa sababu alikuwa na mkuki, bali kwa sababu mkuki wake uliwafaa watu.

Wasambaa walikuwa na maneno mawili ya kuwapimia watawala wao. La kwanza ni kuzifya shi, maana yake kuitengeneza nchi. La pili ni kubana shi, yaani kuiharibu nchi. Mvua iliponyesha kwa wakati wake, njaa ikakaa mbali, na wenye nguvu wasiwaonee wanyonge, watu walisema nchi imetengenea. Mmisionari Krapf alipofika Vuga mwaka 1848, alimkuta Kimweri ye Nyumbai akitawala nchi kubwa, kutoka milimani mpaka pwani. Lakini Kimweri alipokufa, yapata mwaka 1862, wanawe na wajukuu wake wakagombania ufalme. Bunduki zikapanda milimani kutoka njia ya misafara, na watu wengi wakauzwa utumwani. Ndipo wazee waliposema kwamba nchi imeharibika.

Baadaye walikuja Wadachi, wakajenga boma lao Lushoto na kuuita mji ule Wilhelmstal. Wakawafuata Waingereza, ambao mwaka 1926 walitoa sheria ya kutawala watu kwa mikono ya machifu wao, na Wakilindi wakarudishiwa madaraka. Lakini ilikuwa vigumu kwa chifu kuwatumikia mabwana wawili. Serikali ilimtaka atii amri zake, na watu walimtaka aitengeneze nchi.

Jambo hilo lilionekana wazi katika habari ya matuta. Serikali iliona ya kuwa mvua inachukua udongo wa milimani, na hilo lilikuwa kweli. Mwaka 1946 ikaanza mpango wake huko Mlalo, kisha ikaueneza katika Usambara. Watu wakaamriwa kufanya matuta katika mashamba yao ya mteremko, na asiyetii alitozwa faini. Kazi ile ilikuwa nzito sana, na sehemu kubwa yake iliwaangukia wanawake, maana hao ndio waliokuwa na kazi nyingi za shamba. Tena wale waliolima mashamba ya kuazima walihofu kwamba shamba likisha kutengenezwa, mwenyewe atalitwaa, nao wabaki bila mahali pa kulima. Watu wakakataa. Wakanena ya kuwa machifu, ambao kazi yao ni kuitengeneza nchi, sasa wanaiharibu. Fitina ikazidi mwaka hata mwaka, na mwaka 1957 mpango ule ukaachwa.

Basi hapa pana fundisho kubwa. Waliotoa amri hawakukosea walipoogopa mmomonyoko. Udongo wa Usambara huchukuliwa na maji hata leo. Kosa lao ni kwamba hawakumwuliza yule mwenye kushika jembe. Neno jema likiletwa kwa faini, watu huliona kuwa baya.

Tanganyika ilipokwisha kupata uhuru mwaka 1961, madaraka ya machifu yalifutwa kwa sheria mwaka 1963. Mwaka 1972 hata halmashauri za wilaya ziliondolewa, lakini sheria za mwaka 1982 zikazirudisha. Siku hizi wilaya ya Lushoto ina halmashauri mbili, ya Lushoto na ya Bumbuli, na Vuga imo katika hii ya pili. Kata humchagua diwani wake. Kila kijiji kina mwenyekiti wake na halmashauri yake, yenye watu wasiopungua 15 wala kuzidi 25. Juu ya hao wote upo mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kusema ndani yake, awe mwanamume au mwanamke, tajiri au maskini.

Yuko tena mtendaji wa kijiji, ambaye ni karani wa halmashauri ya kijiji na mtumishi wa watu wote. Kazi yake haina fahari. Asubuhi huja mama mjane, alalamike kwamba jirani amesogeza mpaka wa shamba. Mchana huja watu wa kitongoji cha juu, waseme kwamba chemchemi imechafuliwa na mifugo. Jioni hutangaza siku ya msaragambo, ili watu watoke na majembe kutengeneza njia iliyokatwa na mvua, maana njia isipopitika, kabichi na viazi huozea shambani. Mtendaji akiwa mvivu au mpenda rushwa, kijiji kizima huumia. Akiwa mwaminifu, husaidia amani bila watu kusikia jina lake likitajwa.

Mambo ya ardhi ndiyo mazito kuliko yote, kwa kuwa milimani watu ni wengi na mashamba ni madogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema kwamba halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi ya kijiji mpaka mkutano mkuu ukubali. Tena katika baraza la ardhi la kijiji wamo wajumbe saba, na watatu kati yao sharti wawe wanawake. Msomaji akikumbuka habari ya matuta ataona jinsi sharti hizo zilivyo na maana. Wale ambao zamani waliamriwa tu, sasa wana kiti barazani.

Lakini kiti kitupu hakisemi neno. Sheria huwapa watu mkutano. Haiwezi kuwaamsha kitandani kwenda mkutanoni. Watu wasipohudhuria, wachache watakata shauri kwa niaba ya wengi, na siku shamba la shule au msitu wa chemchemi utakapogawiwa, kulia hakutasaidia. Kidole kimoja hakivunji chawa, wala mwenyekiti peke yake hawezi kuitengeneza nchi.

Kwa hiyo mtoto wa shule asidhani kwamba kazi hiyo inamngoja awe mzee. Ajifunze kuandika kumbukumbu kwa hati safi, maana kijiji hutaka makarani wa kweli. Ajifunze hesabu, ili siku mapato na matumizi ya kijiji yatakaposomwa mbele ya watu aweze kuuliza palipopungua shilingi. Ajifunze kusikiliza mpaka mwenziwe amalize neno lake. Na msaragambo utakapoitwa, abebe jembe lake aende pamoja na wakubwa. Zamani wazee wa Vuga walimpima mfalme kwa swali moja: je, anaitengeneza nchi au anaiharibu? Siku hizi swali hilo huulizwa mwenyekiti na diwani, na kila mkazi mwenye sauti mkutanoni.