Rauta ya Mia Tano na Memori ya Laptopu Iliyokufa

Wanangu wa Bamburi, niwaambie ukweli mapema: kuongeza memori kwa rauta hakukuongezei spidi ya intaneti. Hata kidogo. Mimi nilifanya kwa sababu nyingine. Nilikuwa nimeshakula pesa za watu.

Ploti yetu hapa Mtambo ina vyumba saba. Nilichangisha mia tatu kila chumba, nikalipia intaneti moja, nikaitundika kwa TP-Link TL-WR841N ya mtumba niliyoipata mia tano. Mchana iko sawa. Ikifika saa mbili usiku, watu wamerudi kazini, yaganda. Zima, washa, yaganda tena. Kisha mlango unagongwa: "Kijana, chetu kirudi."

Rauta hizi za zamani zina MB 32 za memori na MB 4 za kuwekea programu, basi. Kila simu hufungua miunganisho kibao kwa mpigo, na rauta lazima ikumbuke yote, nani kaomba nini. Memori ikijaa, Linux iliyo ndani yaanza kuua programu zake yenyewe. OpenWrt, ile programu huria tunayoweka sisi wagonjwa wa kompyuta, toleo lake la 19.07 ndilo la mwisho kuvumilia mashine za kiasi hiki. Kuanzia 21.02 wataka angalau MB 8 na MB 64.

Sasa, kadi ya memori ya DDR ya kitambo, ya MB 512, yenye chipu nane: gawanya, kila chipu ni 64. Nikaenda kwa fundi wa simu mwenye bloa. "Ami, nitolee hii uniwekee pale." Akahesabu miguu, 66. Akanitazama. "Mia tatu mwanangu, na ikifa usinililie."

Ikafa. Taa zote zikawaka zikabaki hivyo hivyo.

Kosa lilikuwa langu. Kadi nilikuwa nimeitoa kwa kompyuta ya mezani, chipu zake ni za biti 8, na rauta yataka za biti 16. Umbo moja, miguu ile ile, kwa hivyo kwa macho huwezi kujua. Soma namba ya juu uitafute kwanza! Ya pili nilitoa kwa laptopu iliyokufa ya binamu, fundi akanihurumia kwa mia mbili, na programu ya kuwashia ikaitambua yenyewe. Hapo nilibahatika, si rauta zote hufanya hivyo. Ile chipu ndogo ya miguu minane sikuigusa: mna vipimo vya redio vya rauta hiyo peke yake, ukivipoteza bila kuvinakili waifai yako imekwisha.

Jumla elfu moja. Kama una elfu mbili za rauta mpya, nunua mpya bro, usijifanye injinia. Mimi sikuwa nazo.

Wiki ya tatu hii, haijaganda. Chumba cha tano bado walia filamu inakwama. Nimewaambia hicho ni kifurushi, tuongeze hamsini hamsini. Wamekataa.