Aliyeumia Kazini Naye Ajuliwe Hali

Katika adabu tulizolelewa nazo, kumzuru mgonjwa ni haki yake kwetu, wala si hisani. Jirani akiugua twaenda kumjulia hali na kumwombea shifaa. Lakini tumeona kwamba adabu hii mara nyingi huishia mlangoni mwa kazi. Mtu akiumia kazini, wale anaoshinda nao kutwa ndio wa kwanza kunyamaza.

Tuliwahi kuitwa kusuluhisha baina ya kuli mmoja wa maghala ya Shimanzi na tajiri wake. Aliteleza kutoka juu ya lori akavunjika mguu. Wiki sita zikapita pasi na simu. Malipo yake yalikuwa yakingojea karatasi ya daktari ambayo hakuna aliyemwambia ailete. Mkewe akaamini kwamba kazi imekwenda, akauza cherehani yake kulipia kodi ya nyumba. Tulipomwuliza tajiri, alijibu kwamba aliona haya kupiga simu, asije akaonekana anamharakisha mgonjwa. Kuli naye alichelea kupiga, asije akaonekana ombaomba. Nafasi yake bado ilikuwapo. Kilichokosekana ni neno tu. Na cherehani haikurudi.

Sheria ya Kenya ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 haikuliacha jambo hili kwa haya za watu. Aliyeumia, au mtu kwa niaba yake, humpa mwajiri taarifa, iwe kwa maandishi au kwa mdomo. Mwajiri ana siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Dai la fidia huwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Basi mke anayepeleka taarifa ya mumewe hajajiingiza yasiyomhusu.

Hata hivyo, sheria haifundishi namna ya kusema. Simu ya kwanza ya mwajiri na iwe ya kuuliza afya, na ya kueleza karatasi zipi zahitajika. Siku ya kurejea isitajwe. Maumivu yakipungua, aulizwe mwenyewe kabla ya kupangiwa: daktari amekuruhusu kazi gani, nasi tukupunguzie nini? Aliyekuwa akibeba magunia huenda akaweza kuyahesabu kwa mwezi mmoja au miwili. Wenzake waelezwe, kwa idhini yake, kwamba kazi ile nyepesi ni ya muda. Wasipoambiwa watamwita mvivu. Undani wa maradhi yake ubaki kuwa siri yake. Mtume (S.A.W.) ametufunza tusiwatwike wanaotutumikia wasiyoyaweza, na tukiwatwika tuwasaidie. Tutayajuaje wasiyoyaweza bila ya kuwauliza?

Wala tusidhani maneno haya ni ya wenye maghala peke yao. Akina mama na akina baba wengi miongoni mwetu ni waajiri majumbani mwao. Dada wa kazi akiungua mkono kwa mafuta jikoni, hupewa nauli aende kwao akapumzike, kisha hatafutwi tena. Naye huko kwao yuatazama simu kila asubuhi. Tumpigie. Kama kazi yake ipo, tumwambie ipo na inamngoja. Kama haipo, tumwambie kweli, na tumpe haki yake kamili.

Wabillahi tawfiq.