Pilipili Haina Hatia

Wahenga waliuliza: pilipili usiyoila yakuwashiani? Mimi huila, tena ndani ya sandwichi ndogo za kuku ninapokesha nikiandika tasnifu. Tangu daktari agundue kwamba mama ana shinikizo la juu la damu, jamaa zetu wameilaumu pilipili. Wameishtaki bure. Wa kulaumiwa zaidi ni chumvi. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Nayo hujificha hata katika mkate na sosi ya chupa.

Sasa kidari cha kuku kisicho na ngozi tunakiroweka kwa ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, kisha tunakichoma badala ya kukikaanga. Mkate ni wa ngano isiyokobolewa. Mahali pa mayonezi tunatia maziwa lala mazito, na juu yake kachumbari isiyo na chumvi. Ukali wa pilipili na uchachu wa ndimu huusahaulisha ulimi chumvi.

Dawa zake mama angali anazimeza. Hata hivyo, mezani hatengewi tena sahani ya mgonjwa, tunakula pamoja. Mwanafunzi mwenzangu, kabla ya kuihukumu pilipili, chunguza kwanza majirani zake sahanini.