Miguu Iliyokatiwa Tamaa

Mtoto anapoambiwa kwamba viungo vyake havitamfaa, wazazi hukata tamaa kabla yake. Ndivyo ilivyokuwa karibu kumpata Clive Sullivan, aliyezaliwa mwaka 1943 katika mtaa wa Splott, mjini Cardiff, nchini Wales, kwa wazazi wenye asili ya Jamaika. Alipokuwa angali kijana alipasuliwa mara kadhaa magotini, miguuni na begani, na ikahofiwa kwamba hata kutembea sawasawa kungemshinda.

Alipokua aliingia jeshini, katika kikosi cha mawasiliano, akapelekwa kambi ya Catterick. Siku moja jina lake likatajwa kwa mchezo wa raga. Sullivan aliogopa kwamba akikataa ingebidi aeleze sababu, na huenda uaskari wake ukaishia hapo. Akanyamaza, akavaa jezi, akaingia uwanjani. Akakimbia, akafunga, wala miguu haikumsaliti.

Kaskazini mwa Uingereza kuna aina ya raga yenye wachezaji 13, si 15. Ilizaliwa mwaka 1895, vilabu vilipogombana juu ya kuwafidia wafanyakazi mshahara waliopoteza kwa ajili ya mchezo. Kwa muda mrefu, mchezaji wa raga ya ridhaa aliyeonekana huko alifungiwa milango. Kwa hiyo Sullivan, alipojaribiwa na klabu ya Hull mwaka 1961, alicheza bila jina lake kutangazwa. Akatia trai tatu, yaani mara tatu aliulaza mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani. Mara baada ya hapo akaandikishwa.

Maisha ya ugenini hayakuwa mteremko. Mpaka mwaka 1964 alikuwa bado askari, na mchezo ulisubiri amri za jeshi. Mwaka 1963 ajali ya gari nusura imwue. Baada ya miezi michache tu alirudi uwanjani.

Mwaka 1972 aliongoza Uingereza katika Kombe la Dunia nchini Ufaransa. Hapo kabla hakuna mtu mweusi aliyewahi kuwa nahodha wa timu ya taifa ya Uingereza katika mchezo wo wote. Katika fainali mjini Lyon, dhidi ya Australia, aliunyakua mpira katika nusu ya upande wake, akautimua mpaka mwisho wa uwanja bila kushikwa. Mchezo ulikwisha 10 kwa 10, hata baada ya muda wa nyongeza. Uingereza ikatwaa kombe kwa kuwa ilishinda zaidi katika michezo ya awali.

Mji wa Hull umegawanywa na mto, na kila ng'ambo ina klabu yake. Mwaka 1974 Sullivan alivuka kwenda kwa mahasimu, Hull Kingston Rovers. Mwingine angezomewa maisha yake yote. Yeye alizidi kupendwa. Alikuwa ametia trai 250 kwa klabu ya kwanza, akatia 118 kwa ya pili. Mwaka 1980 vilabu hivyo vilikutana katika fainali ya kombe huko Wembley, na Sullivan, mwenye umri wa miaka 37, alikuwa upande ulioshinda 10 kwa 5.

Kisha akageukia kufundisha. Alirudi klabu yake ya zamani, na mwaka 1982 fainali ya kombe iliporudiwa, mchezaji mmoja akakosekana. Mwalimu akavua koti, akavaa jezi. Akiwa na miaka 39 alicheza, na Hull ikaishinda Widnes 18 kwa 9.

Saratani ilimwua Oktoba 1985, akiwa na miaka 42 tu. Barabara kuu inayoingia mjini Hull ikapewa jina lake, na mwaka 2023 sanamu yake ilisimamishwa Cardiff, mji aliouacha ili akatafute riziki.

Askari hujua kwamba cheo hupewa mtu kwa amri, lakini heshima huitafuta mwenyewe kila siku. Na mzazi mwenye mtoto dhaifu akumbuke hili: daktari huupima mguu, lakini moyo wa mtoto hauna kipimo.