Phoenix: Miba, Joto na Mti Usio na Haraka

Ukitaka kuwapeleka watoto Desert Botanical Garden mwezi wa Mei, amka alfajiri. Wifi yangu anayeishi Phoenix, kule Arizona, Marekani, alitutoa kitandani gizani, mwenzenu nikanung'unika hadi nikachoka. Watoto wake wawili, wa kiume miaka kumi na wa kike miaka mitano, walishavaa kofia, kila mmoja na chupa ya maji begani. Amri ya mama mtu: chupa ikifika nusu, tunarudi nyumbani, hakuna kulia.

Amri hiyo si mchezo. Joto la Dar unalijua, shati linaloa na unajiona. Joto la Phoenix linakunywa jasho kabla hujaliona, na mtoto anakauka huku anacheza.

Bustani imo ndani ya Papago Park, kwenye vilima vyekundu, na ilifunguliwa mwaka 1939. Kama ulidhani jangwa ni mchanga na ngamia, pole. Kuna dungusi kakati kama mapipa, nyingine bapa kama mipungate ile iliyogeuka balaa kwa wafugaji wa Laikipia, Kenya. Huko Marekani ndiko kwao hasa.

Lakini mfalme wa pale ni saguaro, itamke "sawaro". Unapita mita kumi na mbili, umenyanyua mikono kama mtu aliyevamiwa na majambazi! Mwezi wa Mei hutoa maua meupe yanayofunguka usiku, na mchana wa kesho yake yameshajifunga. Ndiyo maana ya kuamshwa gizani, kumbe. Tuliwakuta nyuki na njiwa wakigombea vileleni, na vigong'ota wakichungulia kwenye matundu waliyoyatoboa wenyewe shinani.

Binti akamwona kwale, huyoo, akatoka njiani. Sekunde tu. Kipande cha cholla kikamganda mkononi, miba kila upande, mtoto akapiga yowe bustani nzima ikageuka. Mimi nikanyoosha mkono nikivute. "Wifi, usiguse!" Akatoa kitana kwenye mkoba. Nikashangaa, huyu anataka kujichana saa hizi? Akakipitisha kati ya ngozi na kile kipande, akakirusha kwa mkupuo mmoja. Wenyeji wa Arizona hutembea na kitana kwa kazi hiyo, maana ukishika kwa vidole, kinahamia kwako.

Alipotulia akataka kuumwagia saguaro maji yake, eti nao una kiu. Kaka yake akamkatalia: mti huo una mikunjo kama kinanda cha mkono, mvua ikinyesha unafumuka na kuweka akiba. Kweli, lakini binti naye hakukosea sana. Mwaka 2023 Phoenix ilipiga siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi, na humo bustanini baadhi ya saguaro zilidondosha mikono, nyingine zikaanguka mzima mzima. Mti huu hufungua vitundu vyake usiku ili upumue, na usiku wenyewe ulikuwa tanuri. Mti wa jangwa kufa kwa joto! Hapo nilinyamaza kidogo.

Chini ya kivuli cha mti mwingine tukaona kichanga cha saguaro, hakizidi kidole gumba. Ndivyo vinavyolelewa, chini ya mti mkubwa, vinginevyo jua linavimaliza. Mkono wa kwanza unaweza kuchukua miaka 50, 75, hata zaidi.

Yule wa miaka kumi akaanza kuhesabu kwa vidole. Kikitoa mkono, yeye atakuwa babu mwenye bakora.

"Na wewe je, shangazi?"

Nikamwambia anywe maji.