Ushago Ni Wapi?

Kuna swali ambalo kila mtoto wa Nairobi huulizwa kabla hata jina lake halijashikwa vizuri: we ushago ni wapi? Desemba ikikaribia ni swali la kirafiki tu, la watu wanaopanga safari ya kwenda kula kuku kwa shosho. Mimi nilipofika Kayole Februari 2008, nikiwa na miaka 13, nilikuwa na jibu nililokaririshwa. Nakuru. Mama ndiye aliyelichagua. Nakuru ni kubwa, alisema, na kila mtu ana jamaa Nakuru. Hakuna atakayeuliza zaidi.

Tulikuwa tumetoka Uasin Gishu, si mbali na Eldoret. Matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007, na Mwaka Mpya ulitukuta ndani ya uwanja wa maonyesho wa Eldoret na maelfu ya watu wengine, tukiwa na blanketi mbili, sufuria moja na redio ya baba isiyo na betri. Nchi nzima, zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika wiki zile, na mamia ya maelfu wakahama makwao. Hizo ndizo nambari utakazozisoma vitabuni. Sisi tulikuwa na zetu: chumba kimoja cha ploti, watu saba.

Jibu la mama lilitufaa. Lilitupa usingizi. Lakini ukifunga mlango hivyo, huchagui kinachobaki nje. Moto ulibaki nje, na pamoja nao ikabaki mursik ya jirani yetu, ile yenye chembechembe za mkaa kutoka ndani ya kibuyu. Wakabaki wanariadha waliopita barabarani alfajiri, pumzi zao zikionekana kwa baridi. Akabaki beshte yangu wa dawati moja, aliyenifundisha kuhesabu kwa Kikalenjin mpaka kumi, nami nikamfundisha kwa Kikuyu. Kwao ndiko tulikofichwa usiku wa kwanza, kwenye ghala la mahindi. Ningemtajaje bila kutaja Eldoret? Basi sikumtaja.

Siku moja mtu alipokea simu ndani ya mathree akaanza kuongea Kikalenjin. Mama akagonga bodi, tukashuka, ilhali steji yetu ilikuwa bado mbali. Tulitembea hadi nyumbani na hakuna aliyesema kwa nini.

Kisha ikaja tarehe 18 Agosti 2008. Ploti nzima ilikuwa imejaa mlangoni kwa jirani mwenye TV. Huko Beijing, Pamela Jelimo, msichana wa miaka 18 kutoka Nandi, alikuwa anakimbia fainali ya mita 800. Aliwaacha wenzake nyuma kabisa, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 54.87. Janeth Jepkosgei akawa wa pili. Hakuna mwanamke Mkenya aliyewahi kushinda dhahabu ya Olimpiki kabla yake. Watu waliruka. Mama mmoja anayeuza sukuma aligonga sufuria mpaka ikabonyea. "Huyo ni wetu! Huyo msichana ni wetu!"

Wetu. Nilimtazama mama. Alikuwa anapiga makofi na kulia kwa wakati mmoja. Akasema, bila kumlenga mtu, "Hao hupita pale kwetu kila asubuhi."

"Kwenu Nakuru?" muuza sukuma akauliza.

Mama alikawia. "Hapana. Eldoret."

Kelele zilipungua kidogo. Mtu mmoja alimtazama baba, akatazama chini. Yule muuza sukuma akasogea kwenye benchi. "Aah, pole mamaa. Kaa basi, mbona umesimama?"

Haikuwa dawa. Mimi niliendelea kusema Nakuru kwa mwaka mzima. Kutoroka jambo ni kama mbio tu, mwili huzoea. Agosti 2009 karani wa sensa aliingia kwetu na fomu yake, akauliza kila mmoja kazaliwa wapi. Baba alimjibia shosho, akajijibia yeye na mama. Alipofika kwangu, akanyamaza, akaniachia.

"Uasin Gishu," nikasema. Karani akaandika, akauliza swali linalofuata. Hakuinua hata macho.

Muhula uliofuata, mwenzangu wa dawati jipya aliponiuliza ushago, nilisema Eldoret. "Si ni kule walichoma watu?" "Ndio, ni kule." Nikamweleza kuhusu mursik kwanza, kisha wanariadha, kisha ghala la mahindi na waliotuficha. Moto niliuweka mwisho. Mpangilio huo ulikuwa wangu, na nadhani hapo ndipo miguu yangu iliposimama. Yaliyotokea sikuyapunguza hata kidogo, na bado kuna harusi za huko ambazo mama hawezi kuhudhuria. Lakini moto haukuwa tena wenye mji wote peke yake.

Ndugu yangu mdogo alizaliwa Kayole. Hana picha yoyote ya kule kichwani, kwa hiyo nampa ninazoweza. Jioni tukimenya viazi tunahesabu: agenge, aeng', somok, ang'wan, mut. Hukwama kwenye nne kila mara, ulimi unamkataa. Majuzi aliniuliza nilifundishwa na nani.

Nilimtajia jina lake, lote, la kwanza na la babake.